Mgonjwa wa Kitanda cha Tisa

"Mikono yako baridi, nesi."

Nilikaribia kuangusha stetoskopu. Sauti ile! Nikainua macho. Kitandani alikuwa Mashimba, mchumba wangu niliyemtafuta miezi minane.

Ilikuwa Mei 1996, mtihani wangu wa mwisho wa unesi. Sista Wilhelmina, mwalimu wetu, amesimama kando na fomu mkononi. Kanuni yake tuliijua wote: ukipewa mgonjwa unayemfahamu, useme kabla ya kusaini. Mtihani unafutwa, unarudia Novemba. Ukificha, unafukuzwa chuo.

Mashimba akanikonyeza ninyamaze. Nikanyamaza, jamani. Nyumbani Bukoba walishaalika watu kwa mahafali yangu.

"Kokushubira, umelala? Muulize mgonjwa," Sista akasema.

"Unalalia mito mingapi?" nikauliza.

"Mitatu. Nikilala chali pumzi inakata."

"Ilianza lini?"

"Nikiwa kiwanda cha samaki, nabeba kreti za minofu ya sangara. Daktari akaniambia mlango wa moyo umeharibika."

"Ulimwambia nani?"

"Hakuna."

"Hata mtu wa karibu?"

"Huyo nilimwandikia barua kwamba nimeoa."

Barua ile ninayo mpaka leo. "Koku, usinisubiri. Nimeoa huku Sengerema." Basi. Nililia mpaka wenzangu bwenini wakachoka kunibembeleza. Na bado kila Jumapili nilienda gatini kwenye kivuko cha Kamanga, kinachotoka upande wa Sengerema, nawakodolea macho wanaoshuka mmoja mmoja, najidai nanunua nyanya. Nyanya zenyewe zilikuwa zinaniozea.

"Kwa nini ulimwandikia uongo?"

"Kokushubira! Swali hilo limo kitabuni?" Sista akauliza.

"Ni historia ya familia, Sista."

"Mh. Haya."

Mashimba akaangalia dari. "Nisingeweza kumwoa halafu nimwache mjane mwaka huohuo."

"Sikiliza moyo," Sista akaamuru.

Nikaweka stetoskopu kifuani. Nilisikia moyo wangu tu, unanidunda masikioni.

"Mgeuze ubavu wa kushoto, mama! Akiwa chali hivyo utasikia nini?"

Nikamgeuza. Hapo nikausikia, mngurumo wa chinichini kati ya pigo na pigo. Mungu wangu! Kifua hiki nilikiegemea Jumapili ngapi kwenye mawe ya Capri Point? Akipanda mawe anahema, namcheka: "Wewe mzee, pumzika!" Nesi gani mimi?

"Haya, tatizo ni nini?"

"Valvu, ule mlango kati ya chumba cha juu na cha chini cha moyo, upande wa kushoto. Imekakamaa, haifunguki vizuri. Damu inakwama, mapafu yanajaa, ndiyo maana anahema. Chanzo ni homa ya utotoni. Koo liliuma, halikutibiwa, viungo vikavimba."

"Mshauri mgonjwa."

Nikamgeukia. "Kaka, usijihesabu maiti. Sindano ya penisilini kila wiki nne, usikose hata moja, homa isirudi kuiharibu zaidi. Vidonge vya kupunguza maji mwilini unywe. Chumvi punguza, kreti acha. Wapo wanaoishi miaka mingi tu."

"Na kuoa, nesi? Inaruhusiwa?"

"Inaruhusiwa. Ila bibi harusi asidanganywe."

Akageukia ukutani. Mabega yakamtikisika.

Sista akanipa fomu. "Umefanya vizuri. Hapo panapouliza kama unamfahamu mgonjwa, jaza, uweke sahihi."

"Hanifahamu, Sista," Mashimba akadakia.

Neno lile liliniuma kuliko barua. Mara ya pili ananifukuza, eti kwa faida yangu! Nikaweka kalamu chini.

"Namfahamu. Ni mchumba wangu."

"Alikuwa," Mashimba akasema.

"Kaa kimya wewe! Nani kakwambia nimekuacha?"

Sista akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mtihani umefutwa. Novemba nitakutafutia mgonjwa mwingine." Akaanza kuondoka. "Huyu baki naye."

Mashimba akanishika mkono. "Koku, umeharibu mtihani kwa ajili yangu."

"Mtihani upo Novemba. Wewe nilikuwa sijui uko wapi. Nilikutamani, Mashimba, mpaka nikaona aibu."

"Na mimi. Kila Jumapili nilikaa ng'ambo nikiangalia kivuko kinaondoka. Kupanda nikaogopa."

Novemba nilifaulu. Kila wiki nne Mashimba alivuka kutoka Kamanga, namchoma sindano yake ya takoni. Ya kumi na tatu ikaangukia Jumamosi ya harusi yetu.

"Leo tuiruke, mke wangu," alibembeleza asubuhi, suti mkononi.

"Lala kiubavu."

Kanisani padri akasema tupige magoti. Bwana harusi akapiga kiupandeupande, uso ameukunja, na Sista Wilhelmina kwenye benchi la mbele akashindwa kuzuia kicheko. Mashimba akaniegemea begani kwa uzito wake wote. Sikumsogeza.