Ufikio: Mita Tisini na Mbili

Saa tatu asubuhi, mbele ya Jengo la Zabibu mjini Dodoma, Twiga, mashine mpya ya kuosha vioo, alianza kujikunjua. Alikuwa amekaa juu ya magurudumu yake manne, hazidi ukubwa wa friji, na watu waliokuwa na kazi za kufanya waliziacha wakaja kumtazama. Bomba lilitoka ndani ya bomba, jingine likatoka ndani ya hilo, yote membamba, yote ya nyuzi za kaboni. Kwenye ncha kulikuwa na brashi inayozunguka na jicho linalosoma uchafu. Hakuwa na dereva. Akili unde iliyokuwa tumboni mwake ilipima upepo mara elfu moja kwa sekunde na kuuegemeza mkono huo wa mabomba upande wa pili, ndiyo maana bomba refu kama mnara wa simu lilisimama wima bila kuyumba.

Alifanya kazi nzuri, tuseme ukweli. Alisugua safu ya kwanza, ya pili, ya kumi, na vumbi la miezi mitatu likateremka kama uji mwekundu. Mwenyekiti wa kamati ya wakazi, Bwana Elinami Kilewo, alijipiga picha kumi na nne mbele ya mashine. Huyu bwana alikuwa amemchagua Twiga akiwa amelala chali kitandani, akisukuma matangazo kwa kidole gumba, na sasa alitembea pale chini utadhani ameyeyusha kaboni kwa mikono yake.

Tangazo lilisema: ufikio, mita tisini na mbili. Safu ya mwisho ya vioo vya jengo ilikuwa mita tisini na mbili kutoka ardhini. Kamati ya watu tisa, wote wenye shahada, iliona namba mbili zinafanana ikapiga makofi. Mhandisi wa jengo, Veneranda Chilongani, alitia saini ya kupokea mzigo. Mfukoni alikuwa na futi yake ya kupimia, ile ya mwanga inayosoma umbali wowote, ambayo haachi kutembea nayo hata kanisani. Hakuitoa.

Safu hiyo ya mwisho haikuwa ya urembo. Vioo vya Jengo la Zabibu ni viooumeme, yaani vinakunywa jua na kutoa umeme, na umeme wa safu ya juu ndio unaosukuma maji hadi vyumbani. Vumbi likitanda, pampu inalala. Wakazi walikuwa siku ya tatu bila maji, na baadhi yao walianza kunuka.

Twiga akaikaribia safu ya juu. Brashi yake ikasimama mita mbili chini ya vioo vile, ikazunguka hewani bila kugusa kitu, kisha ikatulia.

"Amechoka?" akauliza Kilewo.

Veneranda alitoa futi yake, akaielekeza juu, akasoma: mita tisini. Akapiga simu dukani, lile duka la mtandaoni lisilo na mlango wala kaunta.

"Karibu sana, mpendwa mteja," ilisema sauti laini. "Naitwa Upendo. Nikusaidieje?"

Upendo hakuwa mtu. Alikuwa akili unde iliyofundishwa kuomba radhi.

"Mkono wenu ni mfupi. Nimeupima sasa hivi, ni mita tisini."

"Pole sana. Mkono ni mita tisini, ni kweli kabisa. Tangazo linasema ufikio. Ufikio ni mkono pamoja na mtumiaji."

"Mtumiaji gani? Si mmeandika mashine inajiendesha yenyewe?"

"Inajiendesha yenyewe, ndiyo. Mtumiaji haendeshi chochote. Mtumiaji anasimama kwenye ncha na kuinua mikono, asugue palipobaki."

Veneranda aliinua macho. Chini kidogo ya brashi kulikuwa na kibao cha duara, upana wa sinia. Kamati ilikibishania kibao hicho wiki nzima, na Kilewo akaamua kwamba ni cha kuwekea ndoo ya sabuni.

"Mtu asimame pale?" alisema. "Mita tisini juu? Na mkanda wa usalama uko wapi?"

"Mkanda unaongeza uzito, na uzito unapunguza ufikio. Tusingependa kukudanganya kuhusu vipimo. Mtumiaji amejumuishwa kwenye mzigo wako. Atafika kesho saa nne."

Hasira zilimpanda Veneranda hadi masikio yakamwaka. Alikuwa amesoma miaka saba kujifunza kupima, halafu akaamini namba kwa sababu ilikuwa imeandikwa kwa herufi kubwa.

Kesho yake saa nne gari la mizigo lilifika. Akashuka mwanamume wa miaka hamsini hivi, mfupi, mkavu, mwenye lebo ya mistari myeusi iliyoshonwa kwenye mkono wa shati, kama zile za kwenye pakiti za sukari. Kwapani alibana kitu kilichofungwa kwenye kipande cha kanga.

"Mbukwenyi," alisalimia kwa Kigogo alipolisikia jina la mhandisi. "Mimi Ndahani. Ndimi mtumiaji wenu."

"Mbukwa, kaka. Hicho ulichobeba ni nini?"

"Kipande cha tofali, mama. Nakisimamia nikifika juu."

"Unasimama juu ya tofali, juu ya kile kibao?"

"Sasa nifanyeje? Wameniandika mita moja na sentimita sitini na tano. Urefu huo sijawahi kuwa nao hata siku ya harusi yangu, na nilivaa viatu vya kuazima." Akacheka kidogo. "Walinipiga picha nimesimama kwenye ngazi, wakaipima picha. Majengo kumi na moja nimefanya hivi hivi."

Veneranda alimsimamisha ukutani akampima. Mita moja na sentimita hamsini na moja.

"Hapandi," alimwambia Kilewo.

"Mhandisi, watu hawajaoga," alisema Kilewo. "Tofali analo. Amesema mwenyewe."

"Tulikuwa na kikapu cha kamba juu ya paa, na mikanda yake. Kiko wapi?"

"Tulikiondoa. Kilikuwa cha kizamani, kinaharibu picha za jengo."

Veneranda alimtazama mwenyekiti wake kuanzia kwenye viatu vinavyong'aa hadi kwenye miwani, na hakuona mahali pa kuanzia. "Basi naizima mashine," alisema.

"Haizimwi na mteja baada ya saini," alisema Kilewo. "Na saini ni yako."

Ilikuwa kweli. Veneranda akafungua fomu ya malalamiko kwenye simu. Ilikuwa na sababu tatu tu za kuchagua: rangi tofauti, imevunjika, ndogo kuliko ilivyotangazwa. Hapakuwa na nafasi ya kuandika kwamba huyu ni mtu. Akachagua ya tatu, akajaza: mita 1.51. Alipoituma alijisikia ameshinda, kwa mara ya kwanza tangu jana.

Dereva wa gari akapitisha kimulimuli cha kusomea lebo juu ya lebo ya Ndahani. Kikalia. "Kasoro," dereva akasoma. "Panda, mzee, turudi."

"Umenirudisha, mama?" Ndahani aliuliza.

"Nimekuokoa, kaka yangu."

"Watumiaji wakisharudishwa hawapangiwi kazi tena." Hakusema kwa ukali. Alikuwa anafungua na kufunga fundo la kanga. "Na pale juu, badala yangu, atapanda nani?"

Veneranda hakuwa amelifikiria hilo. Gari likaondoka.

Saa nane likarudi. Safari hii alishuka mwanamke wa miaka thelathini hivi, mabega mapana, lebo mkononi. Jina lake lilikuwa Sekela.

"Shikamoo, mama," alisema, na bila kuambiwa akavua viatu, akasogea ukutani, akanyoosha shingo. Alishazoea.

Veneranda alimpima, akampima tena. Mita moja na sentimita sitini na tano, kamili. Tangu biashara hii ianze, hiyo ndiyo ilikuwa namba ya kwanza ya kweli.

Kilewo akapiga makofi. Watu kwenye madirisha nao wakapiga. Kwenye simu ya Veneranda kukaja swali la Upendo: *Mpendwa mteja, je, kipimo ni sahihi?* Chini yake kulikuwa na vitufe viwili, Ndiyo na Hapana.

Uongo mmoja mdogo ungetosha, wa sentimita tatu tu. Ungemrudisha Sekela garini akiwa na kasoro, bila kazi, lakini akiwa hai, na labda ungeipa kamati usiku mmoja wa kufikiria kamba. Muuzaji alikuwa amedanganya, picha zilidanganya, hata tofali lilidanganya. Veneranda Chilongani alikuwa mhandisi, na katika maisha yake yote hakuwahi kuandika kipimo cha uongo. Aliona fahari juu ya hilo.

Akabonyeza Ndiyo.

Twiga akajikunja hadi chini, Sekela akapanda kwenye kibao, akainua mikono.