Upawa wa Kadzo

Upawa ulikuwa umelowa, na hakuna aliyepika.

Charo aliutazama kama mtu aliyemfumania jirani jikoni kwake. Alikuwa mtengeneza dawa za miti hapo Barani, Malindi, na miaka yote dawa yake haikuingia chupani kabla mkewe, Kadzo, hajaionja. Ulimi aliokuwa nao mama yule! Ulionja dawa, ulionja mawifi, na wote uliwaona wachungu. Alichota kwa upawa, akapiga ulimi, ta! Dawa mbaya aliimwaga mchangani. Ikiwa njema alisema, "Haya, mimina."

Mwaka wa themanini na nne ukame uliifanya ardhi kama saruji, Charo akaona uvivu kuchimba. Alinunua kwa mchuuzi wa Kilifi mizizi iliyokwisha kusagwa, asiulize ni ya mti gani. Kadzo akaonja. Hakuwahi kusema kitu.

Sasa, miezi baada ya mazishi ya Kadzo, mchana kweupe, Charo akasikia kutoka jikoni: ta! Ikafuata harufu ya mafuta ya nazi ya nywele zake, kisha sauti: "Haya, mimina." Tangu siku hiyo kila dawa aliyopika aliimimina chupani, akilia na kucheka.

Mganga Mbeyu alipohadithiwa na kuziona zile chupa, hakuketi.

"Hizi ndizo wataka kuwauzia watu? Huyo si mkeo, mwanangu. Ni jini."

"Jini gani ajuaye kazi ya mke wangu?" Charo alinong'ona.

"Ule unga uliomuua unao?"

Alikuwa nao. Hakuweza kuutupa.

"Upike. Kadzo hawezi kuusahau. Akiumwaga, naenda zangu na ubani wangu."

Sufuria ikatokota, na upawa ukanyanyuka wenyewe, ukazama, ukapanda polepole hadi kimo cha mdomo wa Kadzo, na kuku nje wakanyamaza, na mashine ya unga ya jirani ikanyamaza, na harufu ya nazi ikageuka uvundo wa kitu kilichozikwa juujuu, na Charo akaomba kimoyomoyo, mwaga, mke wangu, mwaga, mwaga.

Ta!

"Haya, mimina."

Mbeyu akawasha ubani. Charo akamshika mkono.

"Mama, najua si yeye. Mwache aseme mara moja tu ya mwisho."

Mbeyu akangoja. Jini likasema, kwa upole kuliko Kadzo alivyopata kusema. Ndipo moshi ukapanda, na zile chupa zikavunjwa zote.

Siku hizi Charo huionja dawa mwenyewe. Hupiga ulimi, akasikiliza. Kisha huimwaga mchangani, iwe mbaya, iwe njema.

Hakuna wa kumwambia amimine.