Manowari Isiyotakiwa Kusikika

Maji yalikuwa juu ya sitaha ya meli ndogo ya maonyesho, kidogo tu, kama mtu amenawa akakung'uta vidole. Mwanamize aliyafuta kwa kitambaa, akakinusa. Yalinukia marashi ya waridi na udi, ndani ya karakana ya mtaa wa Hockley, kwa Waingereza, ambayo miaka yote haikunuka kitu ila gundi na rangi.

Karakana ilikuwa ya Kulwant, Mhindi aliyekulia Afrika Mashariki, na kazi ya pale ni kutengeneza meli ndogo za maonyesho; Mwanamize alipaka rangi na kuyeyusha shaba. Safari hii jumba moja la makumbusho liliagiza manowari za kusindikiza za Waingereza, zile zinazolinda misafara ya meli nyingine, kuanzia za miaka ya hamsini hadi za leo, zipangwe safu moja. Ukizitazama hivyo unagundua kwamba wachoraji wa meli nao ni watu wenye haya, maana kila meli imechorwa kuficha aibu ya iliyotangulia. Za mwanzo zilikwenda kwa mvuke na zilitaka mabaharia wengi, zikaja za injini zinazofanana na za ndege. Nyingine zikapunguziwa uzito kwa kujengwa kwa aluminiamu sehemu za juu, baadaye wakarudi kwenye chuma. Kisha ikachorwa moja ya kuwinda nyambizi kwa masikio. Jenereta zake zilipandishwa juu ya usawa wa maji na kukalishwa kwenye vilalio laini, ili isisikike kabisa baharini.

Hiyo ya kimya ndiyo iliyolowa, na siku mbili baadaye ikaanza kupumua.

Wa kwanza kuisikia alikuwa Landry, Mkongo wa Bukavu, aliyekuwa akichonga matumbo ya meli zote pale.

"Dada, sikiliza," alinong'ona. "Hii bateau iko napumua."

"Ni heater hiyo, Landry."

"Hapana. Heater iko off. Ni miye nilizima."

Mwanamize akacheka, kicheko cha uongo. Alijua vizuri sana nani anapumua.

Mama yake, Bi Raya, alikuwa amekuja kutoka Unguja kukaa naye Sparkbrook, mtaa wa mji huohuo, akaja na jini wake. Kwao si jambo la kuficha. Alimrithi kwa bibi yake, yeye ndiye kiti chake, mwili anaoupanda, na kila Alhamisi jioni humfukizia udi kwenye chetezo cha shaba, naye hutulia. Sparkbrook sasa! Alhamisi ya kwanza tu king'ora cha moshi kikalia, majirani wakatoka nje na kandambili kwenye baridi, na watoto wa Mwanamize wakasema, "Mum, Nana is so embarrassing." Mbele ya watu wote Mwanamize akampokonya mama yake chetezo na kumfokea: "Mashetani yako ungeyaacha hukohuko!" Kesho yake akakibeba kazini. Kukitupa akaogopa, kukirudisha akaona haya, basi akakitia kwenye chungu cha kuyeyushia shaba pamoja na vipande vingine. Zikatoka rafadha mbili nzuri za kusukuma meli, akazifunga nyuma ya ile manowari ya kimya. Mtu mzima na akili zake.

Wiki ile rafadha zilisikika zikizunguka bila wa kuzigusa. Rangi ikabambuka, milingoti ya meli za jirani ikakutwa imevunjwa asubuhi. Kulwant alikuwa mpole lakini alichoka, na mbali na yeye, aliyekuwa na ufunguo ni Landry peke yake.

"Ikitokea tena, Landry, you're finished."

"Boss, si miye, haki ya Mungu!" Landry akamgeukia Mwanamize. "Dada, mwambie. Ulisikia na masikio yako."

Mwanamize akainamia brashi yake. Aibu ilimpanda usoni kama homa, akaendelea kupaka rangi. Landry alivaa koti lake taratibu, akatoka bila kuaga.

Jioni hiyo Mwanamize alimweleza mama yake yote, akilia. Bi Raya hakupiga kelele.

"Umeyeyusha nyumba yake, mwanangu. Nipeleke huko. Nikimwita atarudi kwangu."

"Mama, pale ni kazini kwangu. Watu watanionaje?"

"Basi mwache yule baba wa watu afukuzwe."

Wakaenda Ijumaa alasiri, mwezi wa Desemba, giza limeshaingia kabla hata watu hawajatoka makazini. Kulwant alikuwa ametoka. Landry alikuwepo, akawafungulia mlango huku ameshika rozari. Bi Raya akaketi sakafuni, akawasha udi kwenye kopo la rangi, akaita. Kwanza palikuwa kimya. Kisha rafadha zikaanza, polepole, halafu kwa kasi, na pumzi ile ikajaa chumba kizima, nzito, yenye maji ndani yake, ikapita chini ya meza na nyuma ya shingo zao, meli zote za safu ile zikatetemeka pamoja kama vikombe kwenye sinia, na Bi Raya akaanguka, ukaya wa kichwani ukamvuka, povu likamtoka, akawa anaimba kwa sauti ambayo Mwanamize aliisikia utotoni akajificha chini ya kitanda.

Mlango ukafunguka. Kulwant alisimama pale, na nyuma yake wageni wa makumbusho waliokuja kuona kazi yao. Wote waliziona rafadha zikizunguka bila mkono. Wote walimwona pia mwanamke aliyekuwa akigaragara kichwa wazi.

"Mwanamize," Kulwant akasema kwa woga, "who's this? Ni mama yako?"

Ilimtosha kusema ndiyo.

"Hapana," alisema. "Ni mpangaji wetu tu."

Rafadha zikasimama papo hapo. Bi Raya akainuka, akajifuta mdomo, akafunga ukaya vizuri. Meli ilinyamaza kama ilivyochorwa. Kulwant akamshika Landry mkono, akamwomba radhi mbele ya wote kwa kumshuku bure, naye Landry alimtazama Mwanamize kwa macho ambayo hakuweza kuyakabili.

Ndani ya basi la kurudi Mwanamize alikaa ubavuni mwa mama yake.

"Mama, nisamehe. Nilishikwa na haya. Mama?"

Bi Raya aligeuka. Sauti iliyotoka ilikuwa ile iliyoimba karakanani, ya kiume, nzito, yenye adabu zote.

"Mama yupi, bibi? Umeshawaambia watu huna mama. Mimi ni mpangaji. Nimekuja kukaa."

Walipokaribia nyumbani akanyoosha mkono, akabonyeza kengele, akatangulia kushuka. Watoto walikuwa dirishani, wakimpungia.