Vigae Kumi vya Safu ya Mwisho

Kila Jumamosi, akishachota maji na kufagia uwanja, Tumwagile wa darasa la sita alikwenda kumsaidia mama yake mdogo, Debora, kutengeneza vigae vya kuezekea hapo Rudewa. Kazi yake ilikuwa kutawanya vipande vya nyuzi za katani juu ya saruji mbichi, kisha Debora alifunika kwa tabaka la pili.

"Usizipange mistari, kigae kitapasuka kwenye mstari," Debora alizoea kusema. "Zilale huku na huko, ila pasiwe na rundo wala upara." Kisha aliweka bangili yake juu ya nyuzi na kuhesabu zilizomo ndani. Popote alipoihamishia, hesabu ilikaribiana. "Kwa macho ni vurugu, lakini mpango umo."

Jumamosi moja Debora alikwenda sokoni. Tumwagile, akitaka kuwahi mpira wa pete, alimwaga nyuzi kwa mkupuo na kufunika vigae kumi vya safu ya mwisho bila kuhesabu. Vilipokauka, havikutofautiana na vingine hata chembe.

Wiki mbili baadaye lori lilikuja kuvipeleka kwenye zahanati mpya huko Mikumi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, binti," alijibu Kondo, dereva. "Mke wangu atajifungulia chini ya vigae hivi."

Tumwagile alimsogelea Debora. "Mama mdogo, safu ile ya mwisho isipakiwe. Sikuhesabu nyuzi. Nilikuwa na haraka."

Debora alichukua kigae kimoja cha safu hiyo, akakilaza juu ya matofali mawili, akakikanyaga. Kah! Kilikatika vipande viwili, na pale kilipokatikia hapakuwa na uzi hata mmoja.

Debora alimpigia simu fundi wa Mikumi. Tumwagile alisubiri kando yake.

"Kenchi za kubeba paa bado hazijasimamishwa," Debora alisema hatimaye. "Ametupa wiki tatu."

Tumwagile alishusha pumzi kama mtu aliyetua ndoo. Siku zilizofuata, kila atokapo shule, alitengeneza vingine kumi, akihesabu nyuzi kila pembe. Kondo aliporudi kuvichukua, alikikanyaga kimoja kwa uzito wake wote. Hakikutikisika. Wote wakacheka.

"Umeona, mwanangu?" Debora alisema. "Kazi ya ovyo hujificha, lakini mvua kubwa huijua ilipo. Fanya vizuri hata pale pasipoonekana. Na ukikosea, sema kosa likiwa bado chini, kabla halijapanda paani juu ya vichwa vya watu."