Mikono ya Kasimiri

Ilikuwa miaka ile wafanyabiashara walipoanza kufuata mahindi hadi milangoni. Luciana alikuwa akipukuchua mahindi uani, nje kidogo ya Sumbawanga. Mumewe, Kasimiri, aliketi karibu. Mikono yake ilirukaruka bila yeye kutaka. Watu walisema amelewa, ingawa alikuwa ameacha pombe ya ulezi kwa miaka miwili.

Zenon, mdogo wake Kasimiri, aliingia bila hodi.

"Funga mizigo," alimwambia Luciana. "Umekuja na dawa za ziwani kutoka kwenu Kirando, umemloga kaka. Kesho uondoke!"

"Na wanangu, shemeji?"

"Watoto ni wa ukoo. Wanabaki."

Ulikuwa uonevu mtupu.

Mara Otilia, nesi wa zahanati, akabisha hodi. Yeye ndiye aliyempeleka Kasimiri kwa daktari, na sasa alileta majibu. Luciana akamweleza yote huku akilia.

"Zenon, baba yenu alikufaje?" aliuliza Otilia.

"Ulevi. Alikuwa anayumba, anadondosha vitu."

"Mlimwona akinywa, au mlimwona akiyumba?"

Zenon akaigeukia mikono ya kaka yake.

Otilia akatoa rozari yake. "Mwili una protini. Protini ni kama rozari hii. Punje zake zinaitwa asidi amino. Katika protini moja, punje ya aina moja hurudiwa mfululizo, mara ishirini hivi. Kwa wagonjwa wa namna hii hurudiwa mara arobaini na zaidi. Protini hujikunja vibaya, ubongo unaharibika polepole. Mtu huzaliwa na kosa hilo, amelirithi kwa baba au mama. Luciana si damu yenu. Angelitoa wapi?"

"Dawa ipo, nesi?" aliuliza Luciana.

"Ya kuponya hakuna, hata kwa mganga. Matunzo yapo. Ale chakula laini, ameketi wima, polepole, asipaliwe. Akae mbali na moto. Na kila mtoto wa mgonjwa anaweza kurithi au asirithi, nusu kwa nusu."

"Kila mtoto?" Sauti ya Zenon ilikauka. "Hata mimi?"

"Hata wewe."

Luciana hakufunga mizigo. Zenon mwenyewe alijenga ukuta mfupi kuzunguka jiko. Kufikia mavuno yaliyofuata, Kasimiri alikuwa hapaliwi tena, na mashavu yamejaa kidogo.

Asubuhi moja Zenon alikuja, safari hii kwa hodi. Alitazama vidole vyake kwa muda mrefu.

"Shemeji, siku yangu ikifika, utanilisha?"

Luciana alimsogezea kigoda.

"Kaa wima," alisema. "Uji umeshapoa."