Mgeni wa Kwenye Albamu ya Kapteni

Siku ile walikuwa wanachambua pamba. Kabula alikaa juu ya turubai nje ya nyumba ya wakwe zake kule Mwamapalala, pamba safi upande wa kulia, pamba fifi, ile chafu, upande wa kushoto, na mtoto mgongoni. Ng'ombe walikuwa wameshatoka kwenda malishoni. Redio ya jirani ilikuwa inasoma matangazo ya vifo kwa sauti ileile ya kila siku. Ilikuwa asubuhi nzuri, ila mtoto alikuwa analia.

Alikuwa mtoto wa kwanza wa Kabula, wa kiume, na bado hakuwa na jina. Baba yake, Shija, alikuwa Lamadi kwenye biashara ya dagaa. Kilio kilianza kitovu kilipodondoka. Hakikuwa kilio cha njaa, maana mtoto alinyonya akashiba, kisha akaendelea pale alipoishia. Zahanati walimpima wakasema hana kitu.

"Labda maziwa yako ni machungu," alisema mama mkwe wake, Generoza, bila kuinua macho kwenye pamba. "Mimi nimelea sita. Hakuna aliyelia hivi."

"Sasa nifanyeje, mayu?"

"Unaniuliza mimi? Nani aliyemzaa?"

Kabula alimwita mayu, mama, kwa heshima yote, kama alivyofundwa kwao. Generoza hakuwahi kumwita mwanangu hata mara moja. Alitaka mkwe mwingine, wa kutoka Bariadi mjini, na hakulificha jambo hilo kwa mtu yeyote.

Chumba cha mbele alilala baba mkwe, Kapteni Mahona. Alistaafu jeshi zamani, lakini kijiji kizima kiliendelea kumwita Kapteni kwa sababu alipigana vita vya Kagera. Kiharusi kilikuwa kimemnyang'anya upande wa kulia na ulimi. Kilichobaki ni mkono wa kushoto. Akitaka kitu aligonga ukuta. Ukimuuliza, kugonga mara moja kulikuwa ndiyo, mara mbili hapana. Nyumba nzima ilizoea.

Mchana Generoza alisukuma pamba pembeni, akasimama.

"Huyu anadai jina," alisema. "Tumejifanya watu wa kisasa, tukamwacha mtoto bila mtu. Kuna marehemu anataka kuitwa."

Kabula hakubisha. Hata kwao Ipililo walifanya hivyo. Mtoto akilia bila ugonjwa, wazee wanamtajia waliotangulia, mmoja mmoja, na jina litakalomnyamazisha ndilo lake. Kabula mwenyewe alinyamaza kwa jina la bibi yake.

Generoza alimpakata mjukuu, akaanza kutaja. Mayunga. Salu. Mayige. Kila jina alingoja kidogo, na kila jina mtoto alizidi kupiga kelele.

"Basi ni Ngeleja," alisema. Huyo alikuwa mdogo wake Kapteni. Walikwenda vitani pamoja, akarudi mmoja. "Picha yake ipo kwenye albamu ya mzee. Ngoja tumwonyeshe."

Albamu ilikaa kwenye sanduku la chuma chini ya kitanda cha Kapteni. Hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Enzi za uzima wake aliifungua peke yake, mlango umefungwa, na akitoka humo hakusema na mtu mpaka kesho yake. Generoza alipoburuta lile sanduku kwenda sebuleni, ukuta ulianza kugongwa.

Mara mbili. Mara mbili. Mara mbili.

"Mayu, baba anakataa," Kabula alisema.

"Baba yako ana kiu. Kaa hapa."

Jalada lilikuwa jeusi, na kati ya kurasa palikuwa na karatasi laini kama ganda la kitunguu. Vijana wamepanda lori wanacheka, sigara mdomoni. Vijana wanaoga mtoni. Nyumba isiyo na paa. Kapteni mwenyewe, mwembamba, ameinama juu ya ramani. Kisha Ngeleja, ameshika kuku kwa miguu, meno yote nje.

"Ngeleja," Generoza aliita. "Ngeleja, ni wewe?"

Mtoto alilia mpaka akabadilika rangi. Generoza alifunua kurasa kwa hasira. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na picha moja tu.

Kilio kikakatika. Katikati. Kama mtu aliyezibwa mdomo.

Ilikuwa picha ya mwanamume aliyeketi chini kwenye majani, peke yake. Mikono yake ilikuwa nyuma ya mgongo. Alivaa shati la mirabaraba, na shati hilo lilikosa mkono mmoja, wa kushoto, umechanwa pale begani. Alitazama kamera moja kwa moja. Juu ya magoti yake kilianguka kivuli cha yule aliyempiga picha, kivuli chenye kofia.

"Ndiye huyu," Generoza alinong'ona.

"Ni nani, mayu?"

"Atakuwa rafiki yake mzee. Mwenzao wa vitani."

"Lakini hajavaa gwanda. Na mikono yake..."

"Wewe na kidato chako cha pili! Mtoto amenyamaza, hajanyamaza?"

Akafunga albamu. Mtoto akalia. Akaifungua. Mtoto akanyamaza. Hapo Generoza hakutaka tena kusikia neno la mtu. Alichukua maji kwenye kikombe, akajaza mdomo, akampulizia mtoto kifuani.

"Wewe wa kwenye picha," alisema. "Jina lako hatulijui, lakini tumekuona. Njoo. Hapa ni kwako. Kaa."

Ukuta uligongwa kwa nguvu hadi vumbi la chokaa likadondoka.

"Umesikia? Mzee amefurahi."

Kisha kugonga kukakoma. Mtoto, ambaye shingo yake ilikuwa bado haijakaza, aligeuza kichwa taratibu kuelekea ukuta wa chumba cha Kapteni. Akatabasamu.

Tangu hapo hakulia tena.

Hakulia kwa njaa. Hakulia alipolowa. Hakulia hata siku ya sindano, na nesi alimtazama Kabula kwa jicho la kuuliza. Mektilda, jirani yao, alikuja kupongeza akamkuta ameamka kimya.

"Jamani, mtoto ametulia kama mzee wa baraza!" alisema akicheka. Akamchukua. Akamrudisha haraka. Hakukaa kunywa uji.

Kabula ndiye aliyeona mambo ya mikono. Watoto wachanga hulala mikono juu, ngumi zimefungwa. Wake alilala ubavu, mikono nyuma ya mgongo, kiganja juu ya kiganja. Aliirudisha mbele. Alipogeuka kukunja kanga na kutazama tena, ilikuwa nyuma. Siku moja akimwogesha aliona alama kwenye vifundo vya mikono. Alama nyekundu, kama za kamba.

Alimpigia Shija simu.

"Kabula, juzi ulilalamika analia. Leo unalalamika halii. Mimi nina dagaa juani huku na wingu linakuja. Mwambie mama."

Alimwambia. Generoza alimtazama kuanzia miguuni hadi kichwani.

"Unamfunga mwanao ili useme nyumba yangu ina uchawi?"

Basi Kabula akafanya jambo ambalo mkwe hafanyi. Siku Generoza alipokwenda kwenye mizani ya pamba, aliingia chumba cha baba mkwe wake, mtoto mgongoni, akapiga magoti kando ya kitanda na kumtazama usoni. Kapteni alikuwa amekonda. Macho yake yalikuwa mlangoni, kama mtu anayengoja wageni asiowataka.

"Baba, nisamehe. Yule wa kwenye picha. Ni ndugu?"

Mara mbili.

"Rafiki?"

Mara mbili.

"Askari wa upande wa pili?"

Mkono ulisita. Kisha mara mbili.

"Ni raia tu?"

Mara moja.

"Kivuli kile ni chako?"

Mara moja.

"Baadaye ulimfanya nini?"

Hilo halikujibika kwa kugonga. Kapteni alivuta ule mkono wake mzima, kidogo kidogo, akaupeleka nyuma ya mgongo. Akaubakiza huko. Machozi yakamtoka yakaingia masikioni.

"Ulimuua akiwa amefungwa?"

Mkono ukarudi. Ukagusa ukuta. Mara moja, taratibu sana.

"Sasa anataka nini kwa mwanangu?"

Macho yalimtoka Kapteni, lakini hayakumtazama yeye. Yalitazama juu ya bega lake. Hapo Kabula akahisi kichwa cha mtoto mgongoni kikiinuka. Taratibu. Kikapita usawa wa bega, ili kione vizuri.

Alitoka mbio. Generoza aliporudi, Kabula alimwangukia miguuni. Amrudishe yule mtu. Amwambie aondoke.

"Nimwambie nani aondoke? Unalijua jina lake?"

"Baba alimuua, mayu. Nimemuuliza."

Generoza alirudi nyuma hatua moja. Kwa mara ya kwanza Kabula aliona uso wake ukiogopa. Kisha uso ukafunga tena.

"Kwa hiyo umeingia kwa mkweo, ukamkalia kitandani, ukamsingizia damu. Kesho unarudi kwenu. Mtoto anabaki. Ni wa ukoo huu."

Kesho yake asubuhi Kabula hakuwa na la kufanya. Alifunga nguo zake chache, akatumwa maji ya mwisho, mtoto akabaki. Alikwenda kisimani karibu anakimbia, akarudi maji yakimwagika mgongoni. Generoza alikuwa uani anakatakata viazi vya michembe, vya kukaushwa juani.

"Mtoto yuko wapi?"

"Kwa babu yake. Nimemlaza hapo wazoeane."

Ndoo ilianguka.

Mlango wa chumba ulikuwa umerudishwa. Ndani palikuwa kimya. Kisha mtoto akalia. Kilio cha kawaida, cha njaa, cha hasira, kilio kizuri kuliko vyote Kabula alivyowahi kusikia. Akasukuma mlango.

Mtoto alikuwa chali, mikono juu, ngumi zimefungwa. Pembeni yake Kapteni alikuwa ameketi. Mtu ambaye hakuweza hata kujigeuza, ameketi wima, mgongo ukutani, mdomo wazi. Amekufa. Mikono yake yote miwili ilikuwa nyuma.

Generoza aliingia na kisu cha viazi mkononi. Alipita, akachungulia nyuma ya mgongo wa mumewe. Akakata kitu. Kabula alikiona kabla Generoza hajakiingiza ndani ya kanga. Kitambaa kikuukuu cha mirabaraba. Upande mmoja kilikuwa na kishikizo, pale mkono wa shati unapofungwa.

"Hukuona kitu," Generoza alinong'ona.

"Sikuona kitu, mayu."

"Chukua mwanao. Nenda."

Walimzika Kapteni kwa heshima, watu wakaja hadi kutoka Bariadi. Albamu iliwekwa ndani ya jeneza. Kabla hawajafunga, Kabula alifunua ukurasa wa mwisho. Majani yalikuwepo, yamelala, kama majani yaliyokaliwa. Kivuli chenye kofia kilikuwepo. Mtu hakuwepo.

Alirudi Ipililo kwa baba na mama yake. Shija hakumzuia. Pale mtoto alibatizwa Constantine, na alikuwa mtoto kama wengine, alilia, alinenepa, alivuta masikio ya mbuzi. Vifundo vyake vilipona. Mvua zikapita, Kabula akaanza kulala usingizi wa mtu. Alijiambia kuwa yule mgeni alidai alichodai, akapata, akaenda zake. Mara chache tu, akipepeta mchele, yalimrudia maneno ya Generoza. Njoo. Hapa ni kwako. Kaa. Na hakukumbuka mtu yeyote kumwambia basi, ondoka.

Wiki iliyopita Shija alituma kishati kipya. Kabula alikifua, akakianika kwenye kamba nyuma ya jiko, jua kali, nyumbani kwa mama yake, mbali na Mwamapalala. Mbwa alikuwa amelala chini ya kamba na hakubweka. Alipokwenda kukianua, kilikuwa kimekauka vizuri.

Mkono wa kushoto haukuwepo.

Aliutafuta kwenye majani, kwenye miiba, hadi zizini. Alirudi akakaa chini na kile kishati mapajani. Hakikuliwa na mbuzi. Nyuzi za mshono zilikuwa zimefumuliwa mmoja mmoja, na mtu asiye na haraka. Kabula alipima kwa vidole urefu wa ule mkono mwingine uliobaki. Ulikuwa mfupi sana. Usingetosha kufunga mikono ya mtu mzima.

Ndani ya nyumba, Constantine, aliyekuwa analia, akanyamaza.