Mwito Uliobaki Ukutani

Kofi likipigwa ndani ya chumba kile lilitakiwa life hapohapo. Ndiyo ilikuwa fahari ya mwenye nyumba. Kila mgeni aliyekanyaga pale alisimamishwa katikati ya zulia, akaambiwa apige kofi moja, kisha asikilize: pa, basi, hakuna mwangwi. Alasiri moja mwenye nyumba, akiwa peke yake, akapiga kofi kama kawaida yake. Likafa. Alipokwisha kushusha mikono, likajibiwa na jingine, dogo, la viganja vikavu vya mtu mzee. Akacheka. Mtu mwenye paneli mpya za kunyonya mwangwi ukutani hakubali upesi kwamba zina kasoro.

Majirani walimwita Bwana Sikio, na jina alijitafutia mwenyewe. Alikuwa karani wa ofisi ya maji, zamu ya asubuhi, na akitoka kazini hana habari na mtu: anaingia chumbani kwake, anafunga mlango, anasikiliza santuri mpaka jua linazama. Alijisifu kwamba anamsikia mpiga gitaa akivuta pumzi kabla ya kugusa uzi. Mke wake alimtania mbele za watu: huyu bwana anasikia sisimizi akipiga chafya, ila mwambie gesi imekwisha, hasikii ng'o. Watu wakacheka. Siku hizo hata mke mwenyewe alikuwa na kicheko.

Mke alikuwa fundi cherehani, na paneli zile alizivalisha yeye. Mume alipigilia fremu za mbao, akazijaza pamba nzito ya viwandani, na mke akashona mifuko ya kitambaa cha kijivu, akaivuta mpaka ikakaza bila kunyanzi. Sauti ya spika, mume alimweleza, inamfikia msikilizaji mara mbili: inakuja moja kwa moja, halafu inakuja tena ikiwa imegonga ukuta. Hiyo ya pili ndiyo inayovuruga muziki, kwa hiyo paneli huwekwa palepale inapogonga ili iinyonye. Wakaweka za ubavuni, wakaweka nene kwenye kona kwa ajili ya besi, na kubwa kuliko zote wakaiweka nyuma ya kiti. Nyuma ya ukuta huo wa nyuma kilikuwa chumba cha mama mkwe.

Mama mzazi wa mke alikaa nao tangu pumu ilipomzidi. Siku aliyokufa, bintiye alikuwa kazini. Alirudi akamkuta sakafuni, dawa yake ya kuvuta imebingirika chini ya kabati, mahali ambapo mtu mwenye nguvu zake angeinama tu na kuiokota. Bwana Sikio alikuwa upande wa pili wa ukuta. Alilia sana, akasema hakusikia kitu, paneli zimekula kila sauti, laiti asingezitengeneza. Kaka mkubwa wa mke alianza kuuliza maswali, na aliyemnyamazisha ni mke mwenyewe. Chumba kile ni kaburi, kaka, sauti haiingii. Maskini, akajibebesha na lawama juu yake: kwamba kwa sindano yake mwenyewe alimziba mama yake mdomo.

Msiba ulipopoa ndipo kofi lilipojibiwa.

Ikafuata harufu, ya ile dawa ya kuchua kifua aliyokuwa akijipaka marehemu. Ilitoka kwenye paneli ya nyuma ya kiti. Bwana Sikio akaivua kitambaa, kikafuliwa, kikaanikwa juani, kikarudi kinanuka vilevile. Akasema ni unyevu. Kisha kati ya wimbo na wimbo, pale sindano ya santuri inapopita patupu, ikasikika pumzi inayokwaruza. Akabadilisha sindano, akabadilisha santuri, mwishowe akasema paneli zimekaa vibaya. Mtu na paneli zake!

Kuna njia ya kupata mahali pa paneli. Mmoja anakaa kitini, mwenzake anasogeza kioo ukutani polepole. Pale aliyekaa anapoiona spika ndani ya kioo, hapo ndipo sauti inapogonga. Mke akachukua kioo cha chumbani, akawa anakisogeza, na mume akawa anamwambia aendelee, aendelee kidogo. Halafu mume akanyamaza. Mke alisubiri neno, akageuka, akamwona amepauka midomo. Akakiegemeza kioo kwenye rafu pale pale kilipofika, akaja kusimama nyuma ya kiti, akatazama.

Spika ilionekana. Kando ya spika, sakafuni, alikuwepo mwanamke mzee amewapa kisogo, mkono wake mmoja ukipapasa chini kama anayetafuta kitu. Mke akageuka kuitazama spika yenyewe. Hapakuwa na mtu. Akarudi kwenye kioo, na mkono ulikuwa bado unapapasa.

"Yule ni nani?" akanong'ona.

"Usiseme kitu," mume akasema. "Nakuomba, usiseme kitu."

Kuanzia hapo sauti ikaja kila alasiri, na ilikuwa inaita. "Mkwe… mkwe wangu… njoo mara moja." Bwana Sikio aliing'oa paneli ya nyuma akaitupa uani, sauti ikahamia ya ubavuni, akaing'oa hiyo, ikaingia kwenye kona, ndani ya ile pamba nene ya besi, ikawa inaita kwa sauti nzito isiyo ya mwanamke wala ya mwanamume, na alipozirudisha zote mahali pake, akidhani labda zikikamilika zitainyonya kama zinavyonyonya kila kitu, ikaanza kutoka katika zote kwa pamoja, mbele yake, nyuma yake, ubavuni mwake, karibu kiasi kwamba alihisi pumzi yenye harufu ya dawa ikimgusa sikio, sikio lilelile alilojisifia mtaa mzima, na haikuwa inagombana naye wala kumtisha, ilikuwa inamwita tu, kwa adabu, kama mtu anayejua kwamba anasikika.

Siku moja mume alichelewa kurudi kutoka kazini. Mke akaingia chumbani, akafunga mlango, akakaa kitini amngojee mama yake. Aliogopa, lakini hamu ilizidi woga, sauti ya mama ni sauti ya mama. Kabla haijaja, akasikia bomba la jikoni likidondosha. Akasikia jirani akimkaripia mwanawe. Kisha, nyuma ya kichwa chake, upande wa pili wa ukuta, akasikia saa ndogo ya kitandani kwa marehemu ikitembea, tik, tik, tik. Mlango ulikuwa umefungwa na paneli zote zilikuwa mahali pake. Zilikuwa zinaua mwangwi wa ndani, ndiyo. Sauti inayotoka nje hazikuizuia hata kidogo. Alijichukia kwa kile alichoanza kukifikiria.

Alipomuuliza mumewe mbona saa ya chumba cha pili inasikika, mume akasema ni jini linamsikilizisha mambo. Ama siku hizi anaamini jini kuliko mtu aliyemuoa? Mke akaliacha swali lake hapo, maana jini kweli lilikuwemo.

Wakamleta mganga. Alikuwa mama mfupi, mkavu wa maneno, aliyevua viatu mlangoni na kusikiliza nyumba kabla ya kuwasalimia wenyewe. Hakudai kuku wala nguo nyekundu. Alipapasa paneli, akainusa, akaketi kwenye zulia.

"Huyu si mama yenu," akasema kwa sauti ya chini. "Marehemu amepumzika. Mwito ukikosa wa kuuitikia, jini huuokota. Hili limeokota wa marehemu."

"Litatokaje?" mke akauliza.

"Aitikie aliyeusikia siku ile. Akiitikia mwingine, halitoki."

Mke hakungoja. Mwito ulipokuja aliitikia yeye, abee mama, abee, kwa moyo wote aliokuwa nao, na sauti ikaendelea kuita kana kwamba hayumo chumbani. Ikabaki zamu ya mume. Akasema yeye hakusikia kitu siku ile, anajua Mungu. Mganga akamjibu kwamba basi hana cha kupoteza, aitikie tu.

Hapo mke akaanza kuomba kimoyomoyo, na alichoomba hakuna mke mwenye jini nyumbani aliyewahi kukiomba. Lisitoke. Likae, litusumbue mpaka tuzeeke, linyonye na damu yetu likitaka, lakini lisitoke.

"Mkwe wangu… njoo mara moja."

Bwana Sikio akafungua mdomo, akaufumba, akaufungua tena. "Naam, mama," akasema. "Nakuja."

Vitambaa vya paneli vikalegea vyote kwa pamoja, kama tumbo lililoshusha pumzi. Harufu ikakatika. Mganga akasimama katikati ya zulia, akapiga kofi moja. Likafa hapohapo.

"Limetoka," akasema bila kumtazama yeyote, akaenda kuvaa viatu vyake.

Mume alipiga magoti. Alidhani mama anataka maji tu, kama siku zote. "Wimbo ulikuwa umebaki kidogo," akasema. "Nilitaka uishe tu, basi."

Mke hakulia. Machozi yake aliyamaliza wakati ule alipokuwa akijilaumu kwa kosa lisilo lake, na sasa alimchukia mtu huyu waziwazi, kwa kila siku aliyomwacha ajilaumu akimtazama. Akaingia chumbani kwa mama yake, akachukua shali ya marehemu na ile saa ndogo, akavitia ndani ya mfuko wake wa kazi.

Alipokuwa ukumbini, mume akamwita kutoka chumba cha santuri. "Mke wangu." Alimsikia vizuri sana. Alipofika uani akamwita tena, kwa sauti ya kusihi, na neno zima likamfikia mpaka herufi ya mwisho. Akauacha mwito ule bila wa kuuitikia, akaendelea kutembea.

Mkono wake ulikuwa kwenye komeo la geti aliposikia mume akiitikiwa. Sauti ilitoka ndani ya nyumba, laini, yenye utii, na ilikuwa sauti yake mwenyewe.

"Abee, mume wangu. Nakuja."

Akatoka, akalifunga geti nyuma yake.